Nanaa iliyovuka ndoo: kisa cha kipande kimoja cha bustani Leicester

Mama mmoja mwenyeji wa Tanga ana kipande cha bustani nje kidogo ya Leicester, katikati ya Uingereza. Alipanda nanaa ndani ya ndoo iliyofukiwa ardhini, kama anavyoshauriwa karibu kila mgeni wa kilimo cha huko, na mwaka wa tatu nanaa ikawa imeshaingia kwenye tuta la vitunguu la jirani. Jirani akalalamika, kamati ya wakulima ikaandika barua, na kila aliyepita kuangalia akatoa hukumu ileile: ndoo ni fupi, mizizi imepita chini. Tulipofukua, chini ya ndoo hapakuwa na kitu.

Ushauri wa kupanda kwenye chombo hutolewa kwa kila mmea mkorofi, na mara chache mtu huuliza kwanza mmea wenyewe husafiri kwa njia gani. Katika kipande hiki ilitoroka mimea miwili, na kila mmoja ulitokea mlango wake. Mlango wa mmoja ulikuwa juu, wa mwingine chini. Aliyetaka kuiziba yote miwili kwa dawa moja angeziba mmoja tu.

Mahali penyewe

Uingereza, asiye na ua wa kulima hukodi kipande kwa halmashauri kwa kodi ya mwaka. Si jambo la jana: sheria ya 1908 iliwapa madiwani wajibu wa kutafuta ardhi pale wakazi wanapoihitaji, na ya 1922 ikaeleza kwamba kipande kilimwe hasa mboga na matunda ya kuliwa na mkulima na familia yake. Kipimo cha zamani ni poli 10, yaani mita za mraba 250 hivi, ila siku hizi wengi hupewa nusu. Vipande vinapakana bila ukuta wala ua. Kati ya kimoja na kingine kuna njia ya nyasi ya kupita toroli, basi. Nyumbani kwako nanaa ikitoroka inakula bustani yako mwenyewe. Hapa hatua mbili tu na imeshafika kwa mtu mwenye mkataba wake na kamati ya kumsikiliza.

Udongo ni mfinyanzi mzito, unaonata miezi ya baridi na kupasuka ikifika Julai.

Mama huyu ana nusu ya kipande. Analima maharage, vitunguu, mboga ya maboga, na nanaa nyingi kuliko mahitaji ya nyumba moja, kwa sababu ya chai, ya chatini ya mishkaki, na ya Ramadhani, ambapo akina mama wenzake wa msikitini humtegemea yeye kwa mashada. Nanaa ya dukani huuzwa vijiti vichache ndani ya plastiki, na bei yake haina haya. Kwa hiyo aliiacha isitawi.

Jirani ni mzee wa Kigujarati mzaliwa wa Jinja, aliyeingia Leicester akiwa kijana mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda. Kiswahili chake kingali hai.

“Dada, samahani,” alimwambia mara ya kwanza, “nanaa yako imehamia kwangu. Vitunguu vyangu vinanukia chai.”

“Niwie radhi, mzee wangu. Nitaing’oa leo hii.”

Na akaing’oa kweli. Kung’oa huko ndiko kulikozidisha mambo, lakini tufike huko kwa utaratibu.

Ndoo ilivyoshindwa

Njia aliyotumia inajulikana sana. Unachukua ndoo ya fundi mwashi yenye kina cha sentimita 30 hivi, unakata kitako, unaifukia huku ukingo ukiuacha vidole vitatu juu ya udongo, kisha unapanda ndani. Kwa nanaa, njia hii ina mantiki yake. Nanaa haitoboi kwenda chini. Husambaa kwa mashina meupe yanayotambaa ndani ya sentimita chache za juu, na mengine hutambaa juu ya ardhi kabisa. Kila pingili ya shina hilo inaweza kutoa mizizi na chipukizi, na kijipande chenye pingili moja kinatosha kuanzisha mmea. Kwa mmea wa namna hiyo, ukuta wa sentimita 30 kwenda chini unatosha na kubaki. Udhaifu uko kwenye vidole vitatu vya juu.

Vidole hivyo vitatu vilikwishatoweka. Wakata miti wa mjini huleta kwa gari vipande vya miti vilivyosagwa na kuvimwaga langoni bure, na wakulima hujichotea kwa toroli kufunika njia na matuta. Mama huyu alikuwa akiizungushia nanaa matandazo hayo kila mwaka, tena kwa mkono usio na choyo. Usimlaumu upesi. Tanga, nanaa ni mgonjwa wa kuuguzwa: hukaa kwenye kopo au besini kuukuu kivulini karibu na jiko, humwagiwa maji ya kuoshea mchele, na ukiisahau siku chache wakati wa kaskazi unakuta vijiti. Aliyekulia huko, akiona nanaa, mkono unakwenda kwenye matandazo wenyewe. Leicester mvua hunyesha mwaka mzima na nanaa haihitaji blanketi. Matandazo yalichofanya ni kuinua ardhi pole pole hadi ikalingana na ukingo, kisha ikaupita, na vipande vya chini vikaoza vikawa udongo mweusi mwepesi. Mmea unaotambaa usingeweza kutandikiwa daraja zuri kuliko hilo.

Tulichokikuta

Kabla ya kugusa kitu tulichora ramani: kila kichaka cha nanaa kilipo, kwa mama, kwa jirani na njiani. Namshauri yeyote mwenye tatizo hili aanze hapo, kwa sababu ukishang’oa umeharibu ushahidi. Ramani ilipokamilika, vichaka viligawanyika kwa namna tatu.

Vya karibu na ndoo vilikuwa na kamba. Ukipitisha vidole ndani ya matandazo unashika shina jeupe, unalifuata, na linakurudisha hadi juu ya ukingo wa ndoo, upande wa njiani ambako matandazo yalikuwa mazito zaidi. Tuliingiza uma chini ya ndoo pande zote. Udongo mtupu.

Vya pili vilikuwa pembeni mwa njia, na havikuwa na kamba ya ardhini hata kidogo. Hivi vilitokana na mashina marefu ya Agosti yaliyoelemewa na mvua yakalala chini. Pingili zikagusa udongo unyevu na zikaota mizizi. Kwa njia hii nanaa huvuka ukingo wowote, uwe wa ndoo, wa mbao au wa bati, maana hupita hewani. Wauzaji wa vyombo hawalisemi.

Vya tatu ndivyo vilivyoleta barua ya kamati. Vilikuwa vidogo, vimetawanyika ndani ya tuta la vitunguu la mzee na upande wa mbali wa kipande cha mama, na havikuungana na chochote. Ukikiinua kimoja kwa uma unakuta chini yake kijishina cha zamani, urefu wa kidole, kimekatika ncha zote mbili. Shina lililotambaa lenyewe hadi hapo lisingekuwa limekatika nyuma na mbele. Haya yaliletwa.

Nikamuuliza mama alichokifanya na nanaa aliyoing’oa mara ya kwanza. Aliitupa kwenye lundo la mboji. Na mboji ile? Mwezi Machi aliitandaza kwenye matuta yake. Yote? Si yote. Toroli moja nzuri, iliyoiva, alimpelekea mzee kama kumwomba radhi.

Mzee alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Barua ya kamati alikuwa nayo mfukoni.

Lundo dogo la bustani, linalojazwa kidogo kidogo na maganda ya viazi na majani, halipandi joto la kuua mashina ya aina hii. Mboji ya kuua mbegu na mizizi inahitaji kufika nyuzi 60 hivi na kukaa huko, na hilo linataka lundo kubwa lililojazwa kwa mara moja na kugeuzwa. Lundo la kawaida la Uingereza huwa vuguvugu, na kwa nanaa uvuguvugu ni kitanda. Kwa hesabu yangu vichaka vingi kwa mzee vilitoka kwenye toroli ile, na vichache mno vilivuka vyenyewe. Kwa maneno mengine, hata ndoo yenye kina cha mita nzima isingezuia sehemu kubwa ya lawama.

Mkimbizi asiyeshtakiwa

Mwisho wa kipande palikuwa na chungu cheusi cha plastiki chenye mzizi mkali mweupe ambao Waingereza huukwangua na kuulia na nyama ya ng’ombe. Wataalamu huuita Armoracia rusticana, na ni jamaa wa kabichi na haradali. Mama aliupata kwa mkulima mwenzake na akauzoea haraka: huukwangua ndani ya siki akaulia samaki wa kukaanga siku ambayo pilipili imeisha. Hakuna aliyeulalamikia, maana ulikuwa haujafika kwa mtu. Lakini majani mapana yalikuwa yanachomoza nje ya chungu, kukizunguka kitako.

Kwa mmea huu, hukumu ya “umepita chini” ingekuwa ya haki. Mzizi wake mkuu hushuka wima. Chungu kilikuwa kimewekwa juu ya udongo moja kwa moja, matundu ya kutolea maji yakitazama chini, na mzizi uliyafuata matundu ukaingia kwenye mfinyanzi. Mama alipokiona chungu hakisogei alikivuta kwa nguvu, kikatoka, na mizizi ikakatikia chini. Kila kilichobaki, hata kama ni chembamba kama penseli, kinaweza kurudi juu na majani.

Kijana wake alitaka kukodi mashine ya kulimia amalize kazi kwa asubuhi moja. Nilimsihi asithubutu. Mashine ile hukatakata. Ingegeuza mzizi mmoja uliokatika kuwa mamia, na ingeisambaza nanaa kipande kizima. Ipo mitaa ya vipande huko Uingereza ambayo ina mizizi mikali kila kona kwa sababu ya asubuhi moja kama hiyo, na aliyeendesha mashine alishahama zamani.

Kulikuwa pia na Helianthus tuberosus, ndugu wa alizeti mwenye viazi vya chini, ndani ya mfuko wa zamani wa mboji. Huyo hakuwa na kesi. Usumbufu wake ni viazi vidogo vinavyosahaulika wakati wa kuvuna, na mfuko ukipinduliwa juu ya turubai vyote vinaonekana.

Barua ya kamati

Barua iliipa nanaa jina la mmea vamizi na kuilinganisha na Reynoutria japonica, ule mmea wa Kijapani unaowanyima Waingereza usingizi wanapouza nyumba. Naona hapo kamati ilipitiliza. Mmea ule umo katika orodha ya sheria ya wanyamapori na mashambani ya 1981, ambayo inafanya kuuotesha porini kuwa kosa la jinai, na mabaki yake yakitolewa kwenye eneo huhesabiwa kuwa taka zinazodhibitiwa chini ya sheria ya mazingira ya 1990. Nanaa haimo humo. Kesi ya nanaa ni ya ujirani na ya mkataba wa upangaji: usimkere mwenzako, weka njia wazi. Mwanakamati mmoja alitaka nanaa ipigwe marufuku kabisa. Katika mji ambao nusu ya mitaa hunywa chai yenye nanaa, sijui angemwonyesha nani amri hiyo.

Kusafisha

Kazi ilifanywa kwa uma, siyo kwa sepeto, kwa kuwa sepeto hukata na uma huinua. Tulingoja mvua ilainishe mfinyanzi, tukaanza ukingoni kuja katikati, ili kisifukuzwe kitu kwenda nje zaidi. Tuta la mzee halikuguswa hadi alipovuna vitunguu mwezi Agosti. Kabla ya hapo aliombwa akate tu kila jani la nanaa analoliona. Njiani tulizoa matandazo yote, tukachambua mashina, kisha tukafunika kwa maboksi yaliyopandanishwa na plastiki nyeusi juu yake, ikae msimu mzima wa kuota.

Mashina yaliyotolewa yana njia tatu. Ya kwanza ni kuyazamisha ndani ya pipa la maji lenye kifuniko kwa wiki kadhaa hadi yaoze yawe ute, ndipo yaende kwenye mboji. Harufu ni kali, weka mbali na njia. Ya pili ni pipa la taka za bustani la halmashauri, ambazo husindikwa kwenye mitambo inayofikia joto la kutosha. Ya tatu, kuyaanika juu ya zege hadi yavunjike mkononi, inafaa Tanga. Jua la Leicester si la kuaminiwa kwa kazi hiyo.

Mzizi mkali ulichimbwa hadi pale mfinyanzi ulipogoma. Kilichobaki chini kinadhibitiwa kwa kukata majani kila yanapochomoza, ili mzizi utumie akiba yake hadi uishiwe. Hiyo si kazi ya msimu mmoja.

Mpango mpya

Ndoo haikurudishwa. Najua bado inapendekezwa, na kwenye ua wa nyumba yenye sakafu ya zege pande zote sina ugomvi nayo. Kwenye vipande vya kukodi, ambako udongo unapanda mwaka hadi mwaka kwa samadi na matandazo na watu wengine hupitisha toroli, chombo kilichofukiwa kinadai ukikague ukingo wake daima, na ukingo uliofukiwa ndio usioonekana.

Nanaa sasa imo kwenye vyungu vipana juu ya slabu za zege, na kila chungu kimeinuliwa juu ya matofali kiasi cha mkono kupita chini. Kinachozuia hapo ni hewa na macho: shina likichungulia tunduni linaonekana na linakatwa. Upana unafaa kuliko kina. Ndani tulitumia mchanganyiko wenye udongo halisi, John Innes No. 2, ambao haukauki haraka kama ule mwepesi wa mifuko ya bei nafuu. Kila baada ya miaka miwili, mwezi Machi, chungu hupinduliwa. Utakuta mashina yamejizungusha ukutani na katikati pamekufa. Kata kwa kisu cha mkate, rudisha robo iliyo hai ya pembeni. Julai mashina marefu hukatwa yote kabla hayajalala, na majani mapya hutoka laini zaidi.

Chungu cha Julai hutaka maji karibu kila siku. Hapa ndipo mkono wa Tanga ulipopata kazi yake halali.

Chombo kina faida nyingine ambayo haitajwi sana. Nanaa hushikwa na kutu, kuvu iitwayo Puccinia menthae, inayotoa madoa ya rangi ya machungwa chini ya majani na kujificha ndani ya mashina ya chini. Ardhini unahangaika nayo miaka. Kwenye chungu unatupa mmea na udongo wake, unaosha chungu, unaanza upya. Asiye na mbegu nyingine aoshe mashina na kuyazamisha kwenye maji ya nyuzi 44 kwa dakika 10, kwa kipimajoto na wala si kwa kidole, kisha ayapoze na kuyapanda mahali pengine.

Mzizi mkali ulipewa pipa refu, zaidi ya sentimita 60, juu ya slabu. Matundu yametobolewa ubavuni, vidole viwili juu ya kitako, usipewe tena mlango unaotazama ardhi. Novemba pipa zima hupinduliwa juu ya turubai. Minene inaenda jikoni. Ya pembeni iliyonyooka, unene wa penseli na urefu wa sentimita 20 hivi, inakatwa kichwa bapa na mkia mshazari ili Machi ijulikane upande wa juu ni upi, halafu inahifadhiwa kwenye mchanga wenye unyevu. Vijipande vyote vinaenda kwenye pipa la maji.

Hali ilivyo

Msimu uliofuata tuta la mzee lilitoa vichipukizi vichache, akavitoa kwa uma mwenyewe. Njia iliyofunikwa ilikuwa safi plastiki ilipoondolewa, isipokuwa kona moja karibu na nguzo ya bomba la maji, mahali ambapo boksi halikukaa sawa. Mzizi mkali bado unachomoza pale chungu cheusi kilipokuwa, majani madogo kuliko mwanzo, na mama hupita na kisu. Hataacha kupita leo wala mwakani.

Kamati imeongeza kanuni: mimea inayotambaa ipandwe kwenye vyombo vilivyo juu ya sakafu ngumu, visifukiwe. Ni kanuni nzuri kwa mlango wa juu na wa chini. Kuhusu lundo la mboji haisemi neno, na wakulima wanaendelea kupelekeana toroli.